Gari la Milango Miwili

Najua mambo mengi yasiyonisaidia. Najua ni mwaka gani viwanda vya Marekani viliongeza idadi ya magari ya misuli na mwaka gani vilipunguza. Kwa asiyeyajua, hayo ni magari ya milango miwili, boneti ndefu, mgongo mfupi, na injini ya silinda nane inayonguruma hata gari likiwa limesimama. Najua toleo lililotengenezwa kwa wingi likajaa kwenye yadi zao bila wa kulinunua, na najua lililotolewa kwa uchache, kila moja na kibati chenye namba yake, watu wakaligombania kabla halijatoka kiwandani. Haya yote niliyajua nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika yadi ya magari ya mtumba mjini Migori, ambako kwa miaka yangu yote ya udalali sikuwahi kuuza hata moja la aina hiyo.

Nilichouza ni steshen wagon nyeupe, zile za kubeba mzigo. Mteja wa kwetu akifika yadi haulizi gari lina nguvu za farasi wangapi. Anauliza kama spea ziko. Anaangalia barabarani, anaona kumi kama hilo yamepita yakiwa na magunia juu, anajua hata likimharibikia Uriri siku ya soko atapata fundi aliyelizoea. Kwetu gari hupendwa kwa sababu yako mengi kama hilo. Likiwa peke yake linaogopwa, na anayelimiliki anahurumiwa. Dalali yeyote anajua hivyo, na mimi nilijua kuliko wengi. Lakini nilidharau. Nilijiona mtu wa soko kubwa aliyewekwa kwa bahati mbaya kwenye soko dogo.

Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kutoa mihadhara. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, vijana wa bodaboda na waosha magari walikusanyika nami nikawafungulia simu. Niliwaeleza kwamba serikali za huko zinabana moshi, kwamba viwanda vinaelekea kwenye umeme, kwamba silinda nane zinakaribia kuisha duniani na kila tajiri anataka ya mwisho. Kiwanda kikitangaza kwamba toleo fulani halitatengenezwa tena, bei inapanda siku hiyo hiyo. Walisikiliza kama wanafunzi, wengine wakinirekodi. Mmoja aliniita mwalimu, wengine wakafuata, na aibu yangu inaanzia hapo, kwa sababu nilipenda sana kuitwa hivyo.

Kaka yangu mkubwa alinisikiliza kuliko wote. Yeye anaishi Sindo na ni mfanyabiashara wa samaki. Baba alipokufa mimi nilikuwa darasa la tatu, na huyu kaka aliacha shule akaanza kubeba omena, dagaa wa ziwani, kwa baiskeli ili mimi nisiache. Kila karo niliyolipiwa ilinuka omena. Baadaye alinunua pikapu, ile ya milango minne yenye viti vya nyuma na sanduku la mzigo, na hiyo ndiyo iliyomfanya mtu. Iliwabeba samaki hadi Homa Bay na Migori, ilibeba majirani wagonjwa, na ilimbeba mama mkwe wake.

Hapo lazima nieleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono ovyo, hawakai kiti kimoja, na mmoja hatakiwi kumwona mwenzake katika hali ya kumdhalilisha. Na mkwe si mume peke yake. Sisi ndugu za mume tuko humo humo. Mama mkwe wa kaka yangu ni mjane wa Ndhiwa, mwenye nyonga mbovu na macho yaliyoanza kufunikwa na ukungu mweupe. Kaka alipompeleka popote, mama alipanda kiti cha nyuma pamoja na binti yake, na kaka aligeuza kioo cha kati kikaangalia dari ili macho yao yasikutane njiani. Sikuwahi kumwona akisahau kukigeuza.

Sasa mwaka uliopita alinijia mtu wa Nairobi kwa simu. Alikuwa na gari la misuli, la njano lenye mistari miwili myeusi, usukani kulia, na alama za toleo lile lile nililokuwa nikilihubiri, lililotengenezwa kidogo kupita yote ya miaka ile. Alikuwa tayari kulibadilisha na pikapu nzuri na nyongeza. Niliangalia picha zake mpaka nikakosa hamu ya chakula. Kisha nikampigia kaka.

Nilimweleza kama nilivyowaeleza vijana, tena kwa madoido. Nikasema atalikodisha kwa harusi Desemba nzima, halafu tutalipeleka kwa wanunuzi wakubwa, na atarudi na pikapu mbili. Aliuliza swali moja tu.

"Ni machache kweli?"

"Hayafiki hata ya kujaza uwanja wa soko la Ndhiwa," nilisema.

Sijui nilipata wapi kipimo hicho. Kilinijia tu mdomoni, na alikiamini.

Siku gari lilipofika Migori, yadi ilijaa. Vijana walikuwa wamewaambia vijana wenzao, simu zilikuwa juu, na mmoja alikuwa akilizunguka akisema, "Buda, hii ndai ni mnoma, hii ni ya mwalimu," yaani gari hili ni kali. Kaka alikuja na pikapu yake, ameiosha, amevaa shati lake la kanisani. Alisimama kando yangu mikono nyuma. Mwenye gari akanipa ufunguo nilikague, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi.

Nikafungua boneti.

Injini ilikuwa ya silinda nne. Ilikaa katikati ya nafasi kubwa kama mtoto kwenye kitanda cha wazee. Hii ndiyo injini waliyoweka kwenye matoleo ya kawaida, yale ya bei nafuu, yaliyotoka kiwandani kwa makundi na kujaza yadi za huko. Nilichungulia ndani ya gari. Toleo langu lilitakiwa kuwa na kibati cha namba kwenye dashibodi, na pale palikuwa na plastiki laini isiyo hata na tundu la skrubu. Alama za nje zilikuwa zimebandikwa kwa gundi. Moja ilikuwa imepinda kidogo. Mngurumo ulitoka kwenye bomba la moshi lililobadilishwa. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu kujua yote hayo.

Kaka aliinama karibu nami, akaangalia injini asiyoielewa, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo, "Ni lenyewe?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi mno. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Mwenye gari angekasirika, vijana wangecheka, na kesho yake ningeuza steshen wagon kama kawaida. Lakini zile simu zilikuwa juu. Watu walikuwa wananingoja mimi mwalimu nitamke. Ningesemaje kwamba kile nilichokihubiri mwaka mzima kimefika na si chenyewe? Nilijiambia pia kwamba mnunuzi wa kwetu hawezi kujua tofauti, kwamba mistari na rangi vinatosha, kwamba tutampata mtu. Hayo nilijiambia baada ya kuwa nimeshajibu.

"Ni lenyewe," nilisema.

Akanipiga bega. Pikapu ikaondoka na mtu wa Nairobi, pamoja na kile kaka alichokuwa ameweka kando kwa nyumba ya matofali. Vijana wakapiga makofi. Mimi nilipigwa picha nimeegemea boneti, na picha hiyo ipo hadi leo kwenye simu za watu nisiowajua.

Njia ya kwenda nyumbani kwa kaka ina mawe, na gari lile lilikuwa chini sana, likakwaruza tumbo siku ya kwanza. Basi likabaki kwangu Migori chini ya turubai. Harusi mbili zililikodi. Ya tatu ilighairi kwa sababu bibi harusi na gauni lake hawakuweza kuingia nyuma. Wanunuzi walikuja, wakapiga picha, wakauliza spea, wakaondoka. Kaka alirudi kusafirisha samaki kwa magari ya kukodi. Nilipomuuliza biashara inaendaje, alisema inaenda. Kwa watu alisema, kwa fahari tulivu iliyoniumiza, kwamba ana gari ambalo kama hilo yako machache duniani. "Mdogo wangu ndiye anayejua hesabu zake," aliongeza kila mara.

Ndipo ukungu wa macho ya mama mkwe ukazidi. Alikuwa hawezi tena kumtambua mtu mpaka azungumze. Shemeji, mke wa kaka, alimwandikisha kwa madaktari wa macho waliokuwa wanakuja Homa Bay kwa siku tatu. Mama alipangiwa siku ya mwisho, asubuhi. Walisema anayechelewa nafasi yake anapewa mwingine, na kwamba hawarudi karibuni.

"Twende na gari letu," kaka aliniambia kwa simu. "Mama apande kitu cha maana."

Sikufikiria. Naandika hivyo nikijua kwamba mtu wa magari, anayejua idadi ya mashine zilizotoka viwandani ng'ambo ya bahari, hakufikiria milango. Kaka na shemeji walilala Ndhiwa kwa jamaa, nami nikatoka Migori alfajiri, nikawakuta nyumbani kwa mama jua likichomoza. Njia ya mwisho niliiendesha kwa mwendo wa kinyonga nikisikia mawe yakikwangua chini. Ngurumo ile iliwatoa majirani wote. Walisimama kwenye ua na mama akatolewa nje, amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi, kitambaa kichwani, mkoba kwapani. Alikuwa mchangamfu. Alitusalimu kwa mbali kama ilivyo, akiangalia upande ambao sauti zetu zilitoka.

Shemeji alifungua mlango, akatafuta mlango wa nyuma kwa mkono. Akalizunguka gari. Akarudi.

"Nyuma mnafungua wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha namna ya kulaza kiti cha mbele. Kilipolala, kiliacha mwanya mwembamba, na mtu aliyetaka kukaa nyuma ilibidi ainame, atangulize kichwa, apite kwa magoti, huku sehemu zake za nyuma zikibaki nje kwa walio uani. Hapo wote tulielewa, hata majirani. 

Kukaa mbele hakukuwezekana. Dereva angekuwa mimi au kaka, wakwe zake wote wawili, tena kwenye gari ambalo viti vya mbele vimebanana hivi kwamba mkono wa gia unagusa goti la jirani. Shemeji haendeshi. Kaka alisema kwa sauti isiyo yake, "Sisi tugeuke." Tukageuka, yeye na mimi, tukatazama shamba la mahindi la jirani. Nyuma yetu tulisikia shemeji akimwongoza mama, mguu huu, shika hapa, inama kidogo. Tulisikia pumzi yake. Tulisikia kitambaa kikichanika. Kisha akasema, bila hasira, "Niondoe, mwanangu, nyonga imekwama," na wanawake wawili wa jirani wakakimbia kusaidia kumvuta.

Nilibaki nimetazama mahindi.  Kando yangu kaka alikuwa amefumba macho, mtu aliyebeba omena kwa baiskeli mvua na jua bila kulalamika.

Tulipigia simu wenye steshen wagon. Ilikuwa siku ya soko, zote zilikuwa zimepakia. Pikipiki haikufaa kwa nyonga ile. Steshen wagon moja ilikuja baadaye sana, nyeupe, imechoka, ina harufu ya vitunguu, yenye mlango wa nyuma unaofunguka kama mlango wa nyumba. Dereva aliuvuta, mama akaketi, akavuta gauni lake likafunika mpasuko, akashukuru. Ni gari kama mia nilizouza nikizidharau. Sisi wakwe tulifuata nyuma na lile la njano, tukinguruma bure hadi Homa Bay.

Nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Muuguzi alieleza kwa upole kwamba wamemwita mara tatu. Madaktari walikuwa tayari wanafunga masanduku yao. Mama alikaa kwenye benchi, akauliza kama ziwa linaonekana kutoka pale, shemeji akamwambia ndiyo, linaonekana. Mama akasema, "Basi nimefika mahali pazuri." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo, nikalia kwa hasira ya kujichukia. Hata pale sikumwambia kaka kuhusu injini.

Mama alingoja miezi mingi, akiongozwa kwa mkono hadi chooni.

Katikati ya miezi hiyo kaka aliamua gari liuzwe kwa bei yoyote. Alikuja mtu wa Kisumu, mwenye gereji, anayejua magari kwelikweli. Alifungua boneti, akatazama, akafunga. Hakucheka. Alinigeukia mimi kwa Kiswahili chake cha kutulia.

"Wewe si ndiye yule wa hesabu za viwanda? Nimeona video zako. Hii ni silinda nne ya kawaida, alama ni gundi. Ulikagua hii kitu kabla bro wako hajanunua?"

Vijana wa yadi walikuwa hapo, wale wale.  Kaka akajibu.

"Alikagua. Aliniambia si yenyewe. Mimi ndiye nilikataa kusikia, nilipenda rangi."

Alisema akiwa amemtazama mtu wa Kisumu usoni, wala hakunitupia jicho. Sijui alijua tangu lini. Pengine fundi fulani alimwambia, pengine alijua siku ile ile kwa namna nilivyojibu haraka. Kaka hasemi uongo, hata sokoni huwaambia wateja ni samaki gani walioanza kulegea. Uongo huo ndio wa kwanza niliowahi kumsikia, na aliusema kwa ajili yangu. Ningeweza kumkatiza. Vijana walitikisa vichwa kumsikitikia mzee mkaidi, mmoja akaniambia, "Pole mwalimu, ulijaribu." Nikaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka kwa bei ya vipande vya spea.

Tulipobaki wawili nilisema, "Owadwa, kaka yangu, ile siku..." Akanikatiza. "Omera, ndugu, umekula?" Akaniongoza kwenye kibanda, akaagiza samaki na ugali, akazungumzia mvua.

Madaktari walirudi. Safari hii shemeji alikodi steshen wagon siku mbili kabla, na mama akawa wa kwanza kwenye benchi. Jicho moja lilifunguka vizuri. La pili walisema limechelewa.

Walifanya shukrani ndogo Ndhiwa, chai, mandazi, kuku wawili, watu wa kanisa. Nilienda kwa sababu kutoenda kungeonekana. Nilikaa karibu na mlango, mahali pa wakwe. Baada ya maombi mama alisimama kwa fimbo yake, akaeleza safari ya macho yake, akafika kwenye kisa cha gari, na watu wakacheka kwa upendo, kwa kuwa alikisimulia vizuri, hata ule mpasuko wa gauni. Kisha akauliza ni yupi kati ya wakwe zake aliyekuwa amemkataza kaka asilinunue. Binti yake alikuwa amempa habari hizo, naye alizipata kwa mumewe.

"Ni huyu," shemeji alisema, akinionyesha.

Mama akanigeukia. Kwa jicho lake moja jipya aliniangalia kwa muda mrefu, na ndiyo mara ya kwanza kuniona sura, kwani zamani tulikwepana na baadaye alikuwa haoni. "Huyu ndiye mwenye akili," aliwaambia watu. "Alimwambia ndugu yake ukweli. Angesikilizwa, ningekuwa na macho mawili." Akaomba nipewe soda ya kwanza.

Kaka alikuwa upande wa pili wa chumba akivunja mandazi vipande vidogo visivyo na haja. Hakuinua kichwa. Alikuwa amenipa nafasi tena, nafasi ya tatu ya kusema ukweli, na sote wawili tulijua.

"Asante, mama," nilisema, nikapokea soda, na nikainamisha macho yangu hadi kwenye sakafu. Hivyo ndivyo mkwe anavyotakiwa kufanya mbele ya mama mkwe, na nikamsikia mwanamke mmoja wa kanisa akimwambia jirani yake kwamba kijana huyu amelelewa vizuri.